Namna ya Kuifundisha Korale Missa Luba

Korale nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi huimba Haleluya ya Handel bila woga. Noeli na Pasaka zikifika, utaisikia hata kwenye vigango vidogo, kutoka kwenye solfa iliyonakiliwa kwa mkono na kupita kwa mwalimu hadi mwalimu. Lakini kazi iliyozaliwa papa hapa Katanga, ambayo korale za Ulaya na Marekani zimeihangaikia kwa zaidi ya miaka 60, sisi tunaipita kando. Maestro wengi wananiambia wanaiogopa kwa sababu ni ngumu. Ni ngumu kwa wanaoanzia upande usiofaa. Ukiifuata njia iliyoizaa, korale ya kawaida ya parokia, isiyo na piano wala mtu aliyesoma konsavatuari, itaimudu.

Missa Luba ni ya Kamina. Ukitoka Kolwezi kwa reli unafika Tenke, na kutoka hapo njia inapanda kaskazini hadi Kamina. Huko, miaka ya 1950, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, aliongoza shule na kuunda korale ya wavulana wapatao 45 pamoja na walimu wapatao 15. Waliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa yao iliimbwa Kamina kwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huohuo korale ilisafiri Ulaya, ikaimba kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels, na kampuni ya Philips ikaitoa misa hiyo kwenye santuri. Miaka 10 baadaye Sanctus yake iliwekwa kwenye filamu ya Lindsay Anderson iitwayo If...., na vijana wa Uingereza wasiojua Kamina iko wapi wakaanza kuitafuta madukani.

Mwaka 1958 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujaanza. Hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha za watu na kuutambua rasmi muziki wa nchi za misioni ilitoka tarehe 4 Desemba 1963. Ndiyo maana maneno yote ya Missa Luba ni yale ya misa ya Kilatini. Watoto wa Kamina hawakuruhusiwa kugusa maneno, basi wakajimwaga kwenye kila kilichobaki: melodia, mwendo, ngoma, namna ya kuitikiana.

Jambo linalowaponza walimu wengi ni kudhani kwamba mtu alikaa mezani akaiandika misa hii nota kwa nota, kisha akawagawia waimbaji. Haikuwa hivyo. Haazen na waimbaji wake waliitunga wakiimba, wakibuni papo kwa papo juu ya mitindo waliyokua nayo. Kyrie na Gloria zinakwenda kwa mtindo wa kasala, uimbaji wa Waluba wa maombolezo. Sanctus na Benedictus zimesimama juu ya wimbo wa kuagana. Hosanna ina mwendo wa ngoma ya Kasai, na Agnus Dei imejengwa juu ya wimbo wa Bena Luluwa. Nota tulizo nazo leo zilifuata sauti, na zinatuonyesha jinsi ilivyoimbwa mara fulani tu, kama picha iliyopigwa siku ya sherehe. Mwalimu anayeigawa karatasi siku ya kwanza anawafundisha waimbaji wake kuigiza picha.

Kwa hiyo karatasi ikae kwenye begi. Anza kwa masikio, na usiwaachie watu wasikilize kila mmoja peke yake kwenye simu. Spika ndogo ya simu inameza ngoma kubwa na kuacha sauti za juu tu, na mtu anabaki akidhani amesikia. Kusanyeni korale nzima kwenye spika ya kanisa siku ambayo umeme upo, au kwenye spika yoyote ya betri yenye besi nzuri. Sikilizeni rekodi ya 1958. Siku nyingine sikilizeni ile ya 1990 ya Muungano National Choir ya Nairobi, iliyoongozwa na Boniface Mganga. Zitofautisheni. Wakenya wale hawakuwaiga watoto wa Kamina sauti kwa sauti. Waliichukua misa wakaiimba kama watu wazima wa Kenya, wenye sauti nzito na mpangilio wao. Hapo waimbaji wako wataelewa, bila hotuba yoyote, kwamba wana ruhusa ya kuwa watu wa Kolwezi ndani ya muziki huu.

Kila kipande kiwe na kazi yake ya kusikiliza. Mara ya kwanza watu wafuate ngoma peke yake na kuitembeza kwa miguu. Mara ya pili wamfuate kiongozi: anaingia wapi, anapumua wapi, sauti yake inatua kwenye nota gani kabla kundi halijajibu. Mara ya tatu wafuate sauti ya chini ya kundi. Sanctus peke yake inatosha kwa jioni nzima.

Halafu mwalike mtu anayeijua kasala. Kolwezi ina mama wa Kiluba ambao wakisimama kwenye matanga kila mtu hunyamaza. Mwombeni mmoja wao aje kwenye mazoezi, mpeni kiti cha mbele, na mumsikilize kabla ya kumwonyesha mnachofanya. Msimrekodi bila kumwomba. Akiimba, angalieni jinsi mstari wake unavyoanza juu na kuteremka, jinsi maneno yanavyosukumana na kusimama ghafla, jinsi wasikilizaji wanavyomjibu kwa sauti fupi. Mkisikia hivyo, Kyrie ya Kamina inafunguka. Mtaona kwamba mteremko ule wa melodia ni wa mtu anayelia kwa heshima, na soprano wataacha kuuimba kwa tabasamu.

Katika mji wetu hili lina uzito wake, na sitaki kulipita haraka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao Waluba, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Familia nyingi zililala kwenye stesheni zikingoja treni, na wengine walifia njiani. Katika korale yako wanaweza kuwa wamekaa pamoja, benchi moja, watoto wa waliofukuzwa na watoto wa waliokuwa wakitazama. Kuiimba misa yenye jina la Waluba, kwa mtindo wa matanga yao, mbele ya watu wa Kolwezi, si mazoezi ya sauti tu. Mwalimu mwenye busara atatenga saa moja kabla ya zoezi la kwanza la Kyrie, amwombe padri au mzee anayeaminiwa na pande zote awepo, na kuwaacha watu waseme wanachotaka kusema. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Baada ya hapo Kyrie itakuwa ombi la huruma lenye watu ndani yake.

Mwendo, yaani ridhimu, ndio mahali ambapo waliosoma solfeji sana huanguka. Wamezoea kuhesabu moja-mbili-tatu-nne, nguvu ikiwa kwenye moja. Muziki wa huku unakwenda kwa tabaka: ngoma moja inagawa muda kwa mbili, nyingine kwa tatu, na sauti inapita katikati bila kuegemea upande wowote. Ukisimama mbele na kupiga hewa kwa mkono, unawalazimisha wote wafuate tabaka lako. Shusha mkono. Wapange waimbaji kwa duara, miguu itembee mahali pamoja, kushoto na kulia, taratibu, hadi mwili ukubali. Miguu ikishatulia, nusu ya kundi ipige makofi matatu katika muda wa hatua mbili. Wabadilishane. Ikishindikana, rudini kwenye miguu, na msiongeze mwendo. Makofi yakikaa, leta ngoma, na ngoma ziingie moja moja kuanzia ile inayotunza muda, kwa kawaida ndogo au kayamba. Kubwa inayozungumza iingie mwisho. Sauti za waimbaji zije baada ya zote.

Kwa mazoezi hayo ya kupasha moto, Banaha inafaa sana. Ni wimbo wa askari uliokuwa upande wa pili wa santuri ileile ya Troubadours. Leo unaimbwa kwa kufuatana, kundi moja nyuma ya jingine, kwenye shule za nchi nyingi ambazo watoto wake hawajui kwamba umetoka Kamina. Waambie waimbaji wako umetoka wapi, kisha waimbe wakitembea.

Sinteza izimwe. Najua ni jambo gumu, maana parokia imechanga pesa kuinunua na mpigaji wake ni kijana mwenye bidii. Lakini ridhimu za mashine zinapiga msumari mmoja kila mahali, na kila tabaka nililolieleza linakufa. Tena waimbaji wanaotegemea kibodi huacha kusikilizana. Sauti za Kamina zinakwenda sambamba, mara nyingi umbali wa tatu kati ya moja na nyingine, na umbali huo hujirekebisha wenyewe watu wakisikilizana bega kwa bega. Toa nota ya kuanzia kwa mdomo, basi. Kipande kikishuka kidogo hadi mwisho, si msiba. Kijana wa sinteza mpe kayamba, au mpe kazi ya kuandika nota za kile mnachokiimba. Huenda ndiye mwenye sikio zuri kuliko wote.

Sasa Kilatini. Vijana wengi hawajawahi kukiimba, ila msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mfaransa au Mwingereza hana: irabu zake tano ni zilezile. C mbele ya e au i isomeke ch. Gn ya Agnus isomeke ny. Qu isomeke kw. Adui wetu ni irabu tunayoongeza mwishoni. Sanctus isigeuke Sanctusi, wala Benedictus isigeuke Benedictusi, maana irabu hiyo ya ziada inachelewesha kundi zima na ngoma zinawaacha nyuma. Zoezi lake: semeni maneno kwa kunong'ona juu ya makofi, s zote zikate pamoja, kabla ya kuyaimba. Kabla hata ya hapo, elezeni maana ya kila sentensi kwa Kiswahili, na mtoto mdogo kuliko wote aweze kuieleza tena. Anayeimba Crucifixus bila kujua kwamba hapo Bwana anasulubiwa hatajua kwa nini sauti zinapaswa kubadilika.

Kumchagua kiongozi wa sauti kunataka muda mwingi kuliko yote mengine. Usimchague mwenye sauti kubwa au nzuri zaidi. Mchague yule anayesikia. Kuna jaribio rahisi: kundi lishike nota moja kwa mdomo uliofungwa, na kila anayetaka aimbe juu yake chochote kwa silabi moja, kisha arudi atue kwenye nota ya kundi. Wengi watazunguka na kupotea. Wawili au watatu watarudi nyumbani bila kutafuta. Hao ndio wako. Katika rekodi ya 1958 kazi hiyo ilifanywa na mwalimu wa shule, Joachim Ngoi, na ukimsikiliza utagundua kwamba hafanyi mengi. Anaingia kwa uhakika, anapamba kidogo, anawaachia kundi nafasi.

Usimwambie kiongozi wako amwige Ngoi kila mkunjo wa sauti. Mpe mipaka mitatu tu: wapi anaingia, nota gani anatua, neno gani linawaita wenzake. Katikati ya mipaka hiyo awe huru, na kila zoezi aimbe tofauti kidogo ili kundi lijifunze kumfuata yeye, lisiifuate kumbukumbu. Mwandae pia kiongozi wa pili. Waimbaji wetu wengi wanafanya kazi kwa zamu kwenye makampuni ya shaba, au wanatoka alfajiri kwenda karieri, na vumbi la kiangazi haliachi koo la mtu. Siku ya tamasha kiongozi wa kwanza anaweza kuwa hana sauti kabisa.

Karatasi sasa inaweza kutoka kwenye begi. Itawasaidia kukubaliana mpangilio, kuhesabu marudio, na kukumbuka mahali ambapo besi wanagawanyika. Mkiona mnachoimba hakilingani na kilichoandikwa, msikimbilie kujisahihisha. Mrudieni yule mama wa kasala na rekodi zote mbili, ndipo mwamue.

Siku ya tamasha yenyewe iwe kati ya Mei na Septemba. Mvua za Novemba hadi Aprili zikianza kupiga mabati, hata ngoma haisikiki, seuze Agnus Dei. Unyevu pia unalegeza ngozi za ngoma, na mpigaji atakwenda kuzikausha kwenye moto kila baada ya kipande. Ndani ya kanisa la matofali ngoma huzidi sauti kwa urahisi, kwa hiyo ziwekwe ubavuni, nyuma kidogo ya waimbaji, na jaribuni mapema mtu akiwa amekaa benchi la mwisho.

Kama mnataka kuiimba ndani ya ibada, zungumzeni na padri wiki nyingi kabla. Kilatini hakijakatazwa, ila waamini wetu wamezoea kuimba pamoja. Desturi hiyo ina kibali tangu 1988, Roma ilipoidhinisha misale kwa ajili ya majimbo ya Zaire, na korale haina haki ya kuwanyang'anya watu misa yao. Mimi ningeimba Kyrie na Sanctus tu, na ningewafundisha waamini jibu fupi dakika kumi kabla ya ibada. Gloria na Credo ziwekwe kwenye tamasha la mchana, ambako watu wamekuja kusikiliza.

Korale ikishaimudu kazi hii, isikae hapo. Walunda watauliza, na wana haki: mbona misa ni ya Waluba, yetu iko wapi? Musumba, kwenye makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, katika eneo la Kapanga, kuna utajiri wa muziki ambao haujaandikwa kwa korale: ngoma za ngozi, ngoma za gogo zinazozungumza, madimba, nyimbo za kupokea wageni na za kuaga wafu. Njia ya Kamina inaweza kutumika huko. Tafuta wimbo wa kwenu ambao kazi yake inafanana na sehemu ya ibada, ombolezo kwa Kyrie au wimbo wa kuaga kwa Sanctus, uimbeni hadi uwe wenu, kisha mwingize maneno.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni toni. Uruund, lugha ya Walunda, ni kama Kiluba: sauti ikipanda au ikishuka inaweza kubadilisha maana. Kilatini hakina shida hiyo, na Kiswahili hakina, ndiyo maana melodia yoyote inaweza kuvibeba. Ukitaka maneno ya Uruund, mwombe mzee ayaseme kwa mwendo wa kawaida, chora mahali sauti inapopanda na inaposhuka, na melodia ifuate mchoro huo. Tenzi nyingi za zamani zilizotafsiriwa juu ya melodia za Ulaya hazikufanya hivyo, na wazee bado wanakunja uso wakizisikia. La pili ni idhini. Nyimbo na ngoma za ikulu zina wenyewe. Nendeni kwa wazee wa Musumba na kuomba kwanza, na mkikataliwa wimbo mmoja, shukuruni na muulize mwingine.

Asidhani mtu kwamba sisi tunahitaji padri wa Ulaya ili haya yafanyike. Joseph Kiwele, mwana wa Katanga, aliandika Messe katangaise katika miaka ileile, alifanya kazi pamoja na Petits Chanteurs à la Croix de Cuivre wa Elisabethville, korale iliyoanzishwa na padri Mbenedikto Anschaire Lamoral, na ndiye aliyetunga La Katangaise, wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga, mwaka 1960. Alifariki mwaka 1961. Wengi wanamkumbuka kwa siasa, kwa kuwa alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Tshombe, na siasa hiyo imeufunika muziki wake. Ningependa korale inayoimaliza Missa Luba imfuate Kiwele mara moja.

Mnapoandika kazi yenu, andikeni majina yote: aliyeutoa wimbo, mpiga ngoma, kiongozi wa sauti, aliyenakili nota. Missa Luba ilizunguka dunia kwa jina la Haazen, na wavulana walioitunga kwa midomo yao hawajulikani. Hilo lisirudiwe. Nakala moja ibaki parokiani, nyingine ipelekwe jimboni, na kazi iandikishwe SOCODA, shirika la haki za watunzi, kwa majina ya wote walioshiriki.

Na wewe unayesoma haya ukiwa Kamina, Kapanga, Dilolo, Likasi au Lubumbashi: kama kwenye sakristia au sandukuni kwa babu yako kuna daftari la solfa la miaka ya 1950, lipige picha wiki hii, ukurasa kwa ukurasa, mchana, karibu na dirisha, kabla mchwa hawajalimaliza, na uipeleke kwa maestro aliye karibu nawe.